Kirusi Hakina Hema

Kuna sitiari moja imeota mizizi katika mashairi yetu tangu mwaka 2020, nami nimeivumilia kiasi cha kutosha. Kirusi, tunaambiwa, ni bedui. Hakina kwao, huzurura, huvamia, hupora kilichopo, kisha huvunja hema na kwenda kwa jirani. Nimeikuta katika mashairi yaliyopimwa mizani barabara, nimeikuta katika tenzi ndefu za kuonya, nimeikuta hata katika mashairi huru ambayo watungaji wake hujigamba kuwa wameachana na ya kale. Wengine humtaja bedui kwa jina. Wengine humficha nyuma ya ngamia na mchanga. Wasomaji husifu, husambaza, hutaka nyingine. Sijasikia aliyeuliza kama ni kweli.

Nauliza mimi, na jibu langu ni kwamba sitiari hii ni ya uongo pande zote mbili. Mtungaji wake hamjui bedui wala hakijui kirusi. Amechukua vitu viwili vilivyo mbali naye, akavifunga kamba moja, kisha akatuuzia mzigo. Nitaambiwa kuwa mshairi ana ruhusa yake. Anayo: inkisari, mazida, tabdila, hata kuboronga sarufi pale vina vinapobana. Hiyo ni ruhusa ya kukata neno na kulivuta. Haijawahi kuwa ruhusa ya kuwazushia watu.

Nianze na ubeti, kwa kuwa huo ndio mali yetu sote tunaokutana hapa. Kwa Kiarabu *bayt* ni nyumba, na nyumba ya bedui ni hema. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, alipokaa kuzichambua bahari za ushairi wa Kiarabu, istilahi zake alizitoa nyumbani na hemani. Mstari kamili ni nyumba. Kila nusu yake ni *misraa*, ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Vipande vidogo vinavyojenga mizani akaviita *sabab* na *watid*, yaani kamba na kigingi. Na kamba hiyo ndiyo sababu yetu ya kila siku: Kiarabu kilianzia kwenye kamba inayofunga kitu na kitu, kikafika kwenye lile linalofunganisha tukio na tukio, nasi tukaipokea maana hii ya pili peke yake. Hema la bedui huitwa nyumba ya nywele, kwa kuwa hufumwa kwa manyoya ya mbuzi. Shairi ni nyumba ya ushairi. Ziandike zote mbili kwa hati ya Kiarabu bila irabu, na herufi ni zile zile, jicho haliwezi kuzitenga.

Basi anayemtukana bedui ndani ya ubeti anamtukana mwenye nyumba hali ameketi barazani mwake na kikombe cha kahawa mkononi.

Najua tusi hili halikuanza na korona. Neno bedui lilitufikia likiwa na maana ya mtu wa badia, nyika iliyo wazi, na njiani likaokota uchafu. Mwambao mzima, ukimwita mtu bedui humaanishi kwamba anafuga ngamia. Wamaanisha hana adabu, ana roho ngumu, hajui kukaa na watu. Kinyume chake tumemwekea neno ustaarabu. Hapa lugha imetucheka bila sisi kujua, maana shina la ustaarabu ni lile lile la *a'rab*, neno ambalo Waarabu wenyewe waliwaitia watu wa jangwani. Tumemgawa mtu mmoja vipande viwili, kimoja tukakifanya sifa na kingine tukakifanya tusi.

Na lau wanasarufi wa zamani wangefikiri kama watungaji wetu, tusingekuwa na kamusi ya Kiarabu ya kuazima kutoka kwake. Wataalamu wa Basra na Kufa walipobishana juu ya neno fasaha, waliwaendea watu wa badia au wakawavizia katika soko la Mirbad, nje kidogo ya Basra, bedui alipokuja kuuza ngamia na kutamba mashairi. Yeye ndiye aliyekuwa hakimu wa lugha. Kabla ya hapo, mabwana wa Makka waliwapeleka watoto wao wachanga kunyonyeshwa na kulelewa badia, wapate hewa safi na ulimi safi. Kila aliyehudhuria maulidi analijua jina la Bi Halima wa Banu Saad. Tazama, ndugu mtungaji: mtoto aliondolewa mjini na kupelekwa kwa mabedui ili apone na maradhi ya mji. Sitiari yako imeigeuza historia hiyo juu chini.

Sasa hilo la kuzurura. Kuzurura ni neno la mtu anayeutazama msafara kwa mbali. Bedui mwenyewe ana eneo la kabila lake, lenye mipaka inayojulikana na visima vyenye wenyewe, na eneo hilo huliita *dira*. Sisi, kwa neno la matamshi hayo hayo, tunakiita kile chombo kinachomzuia baharia asipotee. Wakati wa joto kali hukaa karibu na maji. Mvua za kwanza zikinyesha hutawanyika kufuata malisho, kwa kuwa kundi likikaa mahali pamoja litamaliza nyasi na mizizi yake. Nyota ya Suheli ikichomoza alfajiri mwishoni mwa Agosti, hujua kuwa mgongo wa joto umevunjika. Manahodha wetu waliitazama nyota hiyo hiyo, na jina lake tumelifanya kuwa upande mzima wa dunia: suheli ni kusini. Sijasikia mshairi akimwita nahodha mzururaji.

Hema lenyewe ni kazi ya wanawake. Wao ndio husokota manyoya, hufuma vipande virefu kwa kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, huvishona, na mara nyingi wao ndio hulisimamisha na kulishusha. Ufumaji ni wa kuachia nafasi, hewa ipite. Mvua ikinyesha nyuzi huvimba na kuziba tundu. Ndani kuna pazia: upande mmoja wa familia, upande mwingine wa wageni, wenye jiko la moto na dele la kahawa. Mgeni akifika hulishwa na kulindwa siku tatu kabla ya kuulizwa shida iliyomleta, hata kama mwenyeji hana akiba ya kesho. Nasi je? Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Sidharau methali ya wazee wangu, lakini kwa hesabu hiyo ningekuwa mwangalifu kabla ya kumfundisha bedui adabu.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Kabila lilivamia kabila na kuswaga ngamia zake, na misafara ya mahujaji ililipa ushuru au ikajuta. Quran yenyewe, katika Sura ya Tawba, imewakemea baadhi ya watu wa jangwani kwa maneno makali, kisha aya mbili mbele ikawasifu wengine miongoni mwao. Huo ndio mtindo wa kusema juu ya watu: baadhi hivi, wengine vile. Na ngamia aliyeporwa anabaki ngamia, anakamwa, anaweza kukombolewa au kuporwa tena. Kirusi hakipori kitu, kwa sababu hakina pa kukiweka.

Hapo ndipo tunapofika kwenye upande wa pili wa uongo, na hapa ni lazima nikae kidogo, kwa kuwa wapo washairi wanaodhani kirusi ni mdudu mdogo sana. Kwanza neno lenyewe. Kilatini *virus* kilimaanisha sumu. Lilipoingia kwetu likawa virusi, na sikio la Mswahili likasikia vi- ya wingi, likaunda umoja wake kwa haki kabisa: kirusi, kama kitabu na vitabu. Wapo wanaolalamika kwamba hilo ni kosa. Mimi naliona ni ushahidi wa afya ya lugha. Hata ubeti tuliupa u- yetu, na hakuna anayelia. (Kwamba Kirusi kwa herufi kubwa ni lugha ya Warusi ni bahati tu, ingawa Mrusi, Dmitri Ivanovsky, ndiye aliyeonyesha mwaka 1892 kwamba ugonjwa wa batobato la tumbaku hupita katika vichujio vinavyozuia bakteria.)

Kitu hicho ni nini? Ni uzi wa vinasaba uliofungwa ndani ya ganda la protini, na baadhi yake huongezewa utando wa mafuta kwa nje. Ndiyo maana sabuni huviua virusi vya korona, yaani huuvunja utando. Basi. Hakina mdomo, hakina tumbo, hakipumui, hakikui. Virusi 10,000 vya korona vikipangwa mstari mmoja vitafika kama milimita moja. Mwaka 1935 mwanakemia Mmarekani Wendell Stanley alikigandisha kirusi cha batobato la tumbaku kikawa fuwele, mfano wa chumvi au sukari. Fuwele hizo, zilipoyeyushwa na kupakwa kwenye majani, ziliyaambukiza. Niambie ni bedui gani unaweza kumgandisha ukamweka chupani kama sukari.

Kirusi hakisafiri. Husafirishwa: na tone la mate, na mkono, na mbu, na ndege ya abiria. Kikiwa juu ya kitasa cha mlango hakingoji, kwa kuwa kungoja ni kazi ya kiumbe. Kipo tu, kama punje, mpaka kikauke na kuharibika. Kikigusa seli yenye kipokezi kinacholingana na umbo lake, kama ufunguo na kufuli, hunasa, huingia au huingizwa, ganda hufunguka, na vinasaba vyake husomwa na mitambo ile ile ambayo seli huitumia kutengenezea protini zake. Seli hufanya kazi yote. Hutoa nakala mia, hutoa elfu, mara nyingi hufa. Na kufuli hizo si zote sawa. Ndui ilimshika binadamu peke yake; batobato la muhogo halimshiki mkulima. Kwa hiyo hata ile sifa ya kwenda popote, ambayo ndiyo nguzo ya sitiari yao, haimo.

Hebu lisikilize pia neno vinasaba, ambalo Kiswahili kimelibuni kwa ustadi. Limetoka katika nasaba, na hakuna aliyeilinda nasaba kwa kumbukumbu ya kichwa kama bedui, anayeweza kukutajia baba wa baba yake hadi vizazi vingi nyuma. Lakini kwake nasaba ina nyumba, ina jirani, ina deni la ukarimu na deni la damu. Kirusi ni nasaba tupu. Uondoe ukoo wote, uondoe hema, mifugo, kisima, mgeni na kahawa, ubaki na orodha ya majina ndani ya bahasha, ndipo utakuwa umekikaribia.

Kuna pahali kirusi na ngamia hukutana kweli, na ni hapo hasa ninapotaka watungaji watazame, kwa kuwa hapo ndipo sitiari yao inapoweza kumdhuru mtu mwenye jina na watoto. Mwaka 2012, katika mji wa Jeddah, kilitambuliwa kirusi kipya cha jamii ya korona ndani ya mapafu ya mgonjwa aliyefariki. Ugonjwa wake ukaitwa MERS, jina lililobeba Mashariki ya Kati ndani yake. Baadaye ilijulikana kuwa ngamia wa nundu moja hukibeba. Yeye huugua kidogo, mfano wa mafua, hasa akiwa mchanga. Damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyohifadhiwa tangu mwaka 1983 ilipopimwa, ilikutwa na kingamwili zake. Ngamia wa Kenya nao wanazo. Maana yake, kirusi hiki kimekuwa kikizunguka katika makundi ya ngamia wa upande wetu kwa miongo kadhaa kabla dunia haijakipa jina, na wachungaji wakiwakamua asubuhi na jioni.

Na mlipuko mkubwa kuliko yote nje ya Rasi ya Arabia ulitokea wapi? Jamhuri ya Korea, mwaka 2015. Msafiri mmoja alirudi kutoka Ghuba kwa ndege, akaenda hospitali moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Visa 186, vifo 38. Hapakuwa na ngamia hata mmoja katika mnyororo huo wa maambukizi, wala hema, wala mchanga. Palikuwa na vyumba vya dharura vilivyojaa, vitanda vilivyobanana, na jamaa wanaokesha na wagonjwa wao. Kama ni lazima kirusi kipewe makazi, makazi yake ni msongamano. Surua, ili isizimike yenyewe, huhitaji mji wenye watu laki kadhaa, watoto wapya wakizaliwa kila siku kuilisha. Kambi ya mahema kumi haiwezi kuitunza. Huo ndio ustaarabu ukitazamwa kutoka upande wa kirusi.

Mpinzani mwenye akili atanijibu kwa ndui. Atasema kwamba katika miaka ya 1976 na 1977 ngome ya mwisho ya ugonjwa huo ilikuwa kwa wahamaji wa Ogaden na Somalia, na atakuwa amesema kweli. Ila atazame na mpangilio wa mambo: ndui ilibaki kwao mwisho kwa sababu chanjo iliwafikia mwisho. Ilipowafikia, ugonjwa ulikwisha. Na mgonjwa wa mwisho kabisa kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, mwaka 1977, alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca.

Mei 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuyapa majina maradhi mapya: yasiitwe kwa nchi, wala kwa watu, wala kwa wanyama, na jina la MERS lenyewe likatajwa miongoni mwa mifano ya kuepukwa. Wanasayansi, watu tunaowasema kuwa hawana hisia, walitambua kwamba jina laweza kumfungia mtu soko, kumchinjia mifugo, kumnyima mgeni kiti. Sisi tunaojiita mafundi wa maneno tukafanya kinyume, tena kwa vina. Leo ni bedui wa mbali asiyesoma Kiswahili. Kesho itakuwa Mrendile au Mgabra wa Marsabit, au Msomali wa Wajir, atakayefika zahanati na kikohozi, na mtu mlangoni atakuwa ameshakariri ubeti wako.

Na huyo bedui wa mbali si hadithi ya kale. Wengi wao sasa wana nyumba za matofali na gari la kubebea maji ya ngamia. Katika jangwa la Oman, kabila la Harasis ndilo lililopewa kazi ya kuwalinda choroa waliorudishwa nyikani mwaka 1982, miaka kumi baada ya wa mwisho kuuawa, kwa kuwa hakuna aliyeijua ardhi ile kuwashinda. Katika Naqab, kusini mwa Israel, wapo mabedui ambao serikali haivitambui vijiji vyao. Al-Araqib kilibomolewa Julai 2010, wakakijenga, kikabomolewa, wakakijenga, sasa imepita mara 200. Jina wanaloitwa huko ni wavamizi. Hawa ndio watu ambao mshairi wetu anasema hawatulii mahali. Na mwaka 2010 huo huo, katika shindano la ushairi la televisheni ya Abu Dhabi, Hissa Hilal, mwanamke wa Saudi Arabia aliyelelewa katika jamii ya mabedui, alisimama mbele ya mamilioni ya watazamaji amefunika uso, akawashambulia kwa ushairi wa lahaja ya kwao watoaji fatwa za chuki. Akashika nafasi ya tatu. Sisi bado tunapima vina vya kumwita mwenzetu huyo ugonjwa.

Mkitaka sitiari ya kirusi, nawapa bure. Ni ule ujumbe wa simu usio na habari yoyote ila amri ya kunakiliwa: usiufute, watumie watu kumi, usipotuma utapatwa na balaa. Hauna miguu. Hauna nia. Ukikaa katika simu iliyozimwa hauna tofauti na kokoto. Kidole chako ndicho kinachoupa uhai, betri ni yako, na majina kumi ni ya jamaa zako. Au mkitaka ya kizamani zaidi, chukueni utenzi ulionakiliwa kwa mkono: kila mnakili huteleza mahali, herufi hii ikawa ile, na nakala yenye kosa ikazaa nakala zake, mpaka baada ya karne moja kuna matoleo manne yanayogombana. Virusi vingi vya RNA hunakiliwa kwa uzembe wa aina hiyo. Vile vya korona vina kimeng'enya kinachopitia nakala na kusahihisha baadhi ya makosa, ndiyo maana havibadiliki haraka kama mafua. Hapo pana ushairi wa kutosha kwa mwaka mzima, na hakuna kabila linaloumia.

Nami naacha mlango wangu wazi, mbao zote mbili. Anayeona nimekosea na anijibu kwa bahari aipendayo; nitamjibu kwa bahari hiyo hiyo. Lakini kabla hajaanza kupima mizani, anieleze kwanza mambo mawili kwa maneno yake mwenyewe: mgeni huketishwa upande gani wa hema, na kirusi kinafanya nini juu ya kitasa cha mlango.